Vidole Vinne na Nusu

Kituoni, 4 Novemba

Wifi,

Nimefika. Mwambie mama nimefika na vidole vyote, maana najua ndilo swali atakaloanza nalo.

Kituo hiki cha ncha ya kusini ni mabanda ya bati yaliyosimamishwa juu ya miguu ya chuma ili upepo upite chini. Chumba changu kina kitanda, ndoano za nguo na dirisha la ukubwa wa sinia. Jua halizami. Linazunguka tu pembeni kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta. Mpishi ameniambia niweke kadibodi dirishani kabla sijaanza kuongea na soksi.

Watu wa kukujulisha ni wawili. Mkuu wa kituo ni mtu mkavu, mpole, ambaye tangu yale ya kaka huhesabu watu kila mlo. Mpishi naye anasema mkuu halisi ni yeye, kwa sababu ufunguo wa stoo ya sukari uko shingoni mwake. Wote walikuwepo siku kaka alipopanda ukingoni kukwangua mawe asirudi. Nisipouliza hawalitaji. Nikiuliza, mkuu ananieleza yale yale aliyotuandikia: upepo uligeuka, wakamtafuta mpaka mafuta ya magari yakakaribia kwisha, hawakuona hata kofia.

Kazi ni ile uliyonifundisha. Napanda ukingo wa mawe nyuma ya kituo na kukwangua likeni, yale mabaka ya kijivu na ya rangi ya chungwa yanayogandia mawe kama rangi iliyokauka. Likeni kwenye mirija, mirija kwenye boksi la barafu, boksi kwenye ndege ya mizigo, na wewe huko unasoma bakteria waliomo. Mtandao wa hapa ni wa hali ya hewa na wa mkuu tu, kwa hiyo barua zetu zitasafiri humo humo na sampuli. Ukiishika barua ukaona baridi, ndiyo sababu.

Mkuu amethibitisha kwamba huu ni msimu wa mwisho. Ndege ya Februari ikiondoka, wanafunga kituo. Nilimwahidi mama kitu cha kuzika, hata kama ni kifungo cha shati. Nikikikosa safari hii, basi tena.

Kidoti


Nyumbani, 20 Novemba

Kidoti,

Boksi limefika, mirija yote mizima. Mama anasema umekonda. Nilimuuliza mtu anakondaje kwenye barua, akanijibu kwamba sentensi zako zimepungua nyama.

Neno "marehemu" bado halitaki. Jirani alilitamka sebuleni juzi. Mama alimfungulia mlango akamwambia atoke nalo.

Sasa kazi. Wanafunzi wangu nawaambia kwamba likeni si mmea, ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba ni kuvu. Mwani ndiye anayepika, kwa jua. Bakteria ni wapangaji, maelfu kwa maelfu, wengine wanaleta chakula, wengine wanalinda mlango, na kila jiwe lina wapangaji wake. Kwenye mawe yako ya chini, la kwanza hadi la nne, nimewakuta ninaowategemea, wazee wa baridi. Kwenye jiwe la tano nimekuta wageni. Ni bakteria wa ngozi ya binadamu, wa kiganja.

Hutokea. Ndiyo maana hapa hakuna anayegusa sampuli kabla hajaacha mkono wake maabara: tunampangusa kiganja kwa kijiti cha pamba, tunasoma wapangaji wake, tunawahifadhi, ili siku sampuli ikichafuka tujue wa kumgombeza. Wako tunao. Wa kaka yako pia tunao. Siku aliyouacha alidai atozwe nusu bei kwa kile kidole cha pete kilicholiwa na mkanda wa injini. "Andikeni vinne na nusu," alisema, "nisije nikadaiwa kingine."

Swali langu ni hili. Unabadilisha glavu kila jiwe? Kuna kitu chochote cha zamani unachotumia, kisu, begi, kamba? Sema ukweli, sitakasirika. Na ukipanda tena, anzia jiwe la tano kwenda juu.

Wifi yako


Kituoni, 5 Desemba

Wifi,

Glavu mpya kila jiwe, kutoka kwenye pakiti. Kisu nakichoma kwa moto. Cha zamani hakuna. Vitu vya kaka, mkuu alivifungia kwenye sanduku la bati na havifunguliwi mpaka kituo kifungwe. Kama umeona mkono basi ni wangu, nisamehe, nitajirekebisha.

Nimepanda mpaka jiwe la saba, karibu na bendera ya pili, ambayo mkuu hataki mtu aipite. Huko juu hakuna harufu, wifi. Sikujua kwamba maisha yangu yote nimekuwa nikinusa kitu mpaka kilipokosekana. Hakuna kinachooza. Nyuma ya karakana kuna ganda la chungwa ambalo mpishi anasema lilitupwa kabla yeye hajaajiriwa, na bado lina rangi.

Kuna jambo lingine sikukuandikia mara ya kwanza. Mlango wa kutokea una ubao, na kila mtu ana kibao chake kwenye ubao huo. Ukitoka unakigeuza kisome "nje", ukirudi unakigeuza kisome "ndani". Cha kaka kipo. Kinasoma "nje". Hakuna aliyethubutu kukigeuza wala kukitoa, kwa hiyo kila nikitoka napita mbele ya habari kwamba kaka yangu katoka kidogo.

Boksi lina jiwe la tano, la sita na la saba. Mpishi anasema nikizidi kukaa juu nitaota ukoga, na yeye hana dawa ya kunisugulia.

Kidoti


Nyumbani, 18 Desemba

Kidoti,

Si mkono wako.

Usiniulize ni wa nani, nataka kuhakikisha kwanza. Ninachokwambia ni kwamba unaongezeka. Jiwe la tano ulikuwa kidogo, la sita zaidi, na la saba ni theluthi ya kila kilichomo. Kadiri unavyopanda, ndivyo unavyojaa.

Nahitaji mawe ya juu zaidi. Najua mkuu amesema mwisho ni bendera ya pili. Mweleze kwamba ni kazi. Kama unaona hatakubali, usimweleze.

Mama jana aliniuliza kama lile sweta la bluu kaka yako alikuwa amelivaa siku ile au liko kwenye sanduku. Akasema kama liko kwenye sanduku, basi mtoto anaona baridi.

Panda, Kidoti. Chukua muda wako, lakini panda.

Wifi yako


Kituoni, 7 Januari

Dada,

Hunijui, ila mimi nakujua kwa mdomo wa wifi yako, na kabla yake kwa mdomo wa mumeo, aliyekuwa akiyasifia mapishi yako mbele ya sahani yangu bila haya. Mimi ndiye mpishi wa kituo. Kuandika si kazi yangu, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Wifi yako yuko hai. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimekwenda. Vingine daktari wa redioni anasema vitabaki.

Alipita bendera ya pili peke yake na hakugeuza kibao. Ubao ulisema yuko ndani, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka mpaka chakula kilipopakuliwa na mkuu akahesabu. Tulimkuta juu kabisa, amekaa chini ya jiwe moja kubwa, uso kwa jiwe. Macho yalikuwa wazi, na hatetemeki. Mtu wa baridi akiacha kutetemeka, dada, hapo ndipo pa kuogopa. Nikamwambia, "Mama, simama twende, uji unapoa." Akanijibu kwa sauti ya kawaida tu, kama yuko kwenye foleni, kwamba anamsubiri aliye mbele amteremshie kamba. Nikamuuliza nani. Akasema, "Aliye mbele." Mbele yake palikuwa na jiwe.

La pili. Ndani ya zile za pakiti alikuwa amevaa glavu za mumeo. Zile za ngozi ya kahawia, ya kulia kidole cha pete kimekunjwa katikati kikashonwa kwa uzi mwekundu. Nazifahamu vizuri, kwa sababu siku ile aliziacha zikikauka juu ya jiko langu akaondoka na za akiba. Tulipojaribu kumvua alikunja ngumi. Sasa anakiri kwamba amezivaa tangu siku ya kwanza, kila akipanda.

Mkuu hajui kwamba nakuandikia. Dada, kama kuna kitu kinachomvuta kule juu, na kama wewe unakijua, kikate.

Mpishi


Nyumbani, 16 Januari

Kidoti,

Uzi mwekundu niliushona mimi. Sikuwa na wa rangi nyingine, na yeye akasema afadhali, akipotea wataonekana haraka, yeye na kidole chake.

Uliniambia cha zamani hakuna. Nilikuuliza waziwazi ukanidanganya waziwazi. Nimekasirika, na niliahidi sitakasirika, kwa hiyo hapo tuko sawa.

Langu ni baya zaidi. Mkono niliouona ni wa kaka yako. Nilijua tangu jiwe la tano. Sikukwambia kwa sababu ungemwambia mkuu, mkuu angekuzuia, na mimi nilitaka uendelee. Niliweka mawe kwenye meza kwa mpangilio, la tano, la sita, la saba, na nikaamini kwamba mume wangu ananionyesha njia. Mimi ninayewafukuza wanafunzi maabara kwa kusahau kubadilisha glavu.

Hebu tuseme kilichotokea, tukiseme mara moja. Ulivaa zake, juu yake ukavaa za pakiti. Ulipopanda ulitoka jasho. Ngozi ya ndani ikalowa, wapangaji wake waliokuwa wamelala humo wakatoka kwenye mkono wa glavu wakadondoka kwenye kisu, kisu kikawapeleka kwenye mrija. Kadiri ulivyopanda ndivyo jasho lilivyozidi. Hiyo ndiyo njia niliyokuwa nikiifuata. Nilikuwa nafuata jasho lako, na nimekugharimu kidole.

Mama nimemwambia ulijikwaa.

Usipande tena. Zitume hizo glavu. Mama alitaka hata kifungo, na hizi ni zaidi ya kifungo.

Wifi yako


Kituoni, 27 Januari

Wifi,

Glavu ziko chini kabisa ya boksi, kwenye mfuko wake. Sanduku la bati halina skrubu nyuma, yeyote aliyelifunga alifunga mbele tu. Sikuzichukua kwa ajili ya baridi. Nilipolifungua zilikuwa bado zimekunja vidole kama alivyokuwa akivikunja yeye akishika kitu. Nikaingiza mkono nione kama utatosha, na baada ya hapo kuvua ikawa kazi.

Kidole cha mguu usikihesabu. Kilikuwa kinabana viatu.

Mpishi amekiri kwamba alikuandikia. Kuhusu aliye mbele, sikumbuki kusema hivyo. Mpishi huongeza chumvi kwenye sufuria, sijamwona akiongeza kwenye maneno, kwa hiyo nilisema. Nakumbuka tu kwamba sikuwa na haraka.

Umesema nisipande. Nitapanda mara moja, na safari hii kila mtu anajua. Mkuu, mpishi na mimi, kwa kamba moja, mpaka jiwe lile waliponikuta. Pakiti ya glavu itakuwa imefungwa na mkuu ataifungua kwa mkono wake mwenyewe. Mkuu anataka kuona mahali penyewe kabla hajafunga kituo. Mimi nataka nikupe sampuli moja safi uifute hii aibu yetu kwenye kazi yako. Ikirudi na wazee wa baridi peke yao, tutalala sote.

Kidoti


Nyumbani, 6 Februari

Kidoti,

Zimefika. Kabla sijampa mama nilizipangusa ndani, unanijua. Yeye yumo, tele. Wewe umo. Na mimi nimo kidogo, pembeni mwa kidole kilichoshonwa, kwa sababu ya ile sindano. Hesabu imekubali. Kila nilichokiona kwenye mawe yako kimetoka humu.

Mama alizipokea kwa mikono miwili. Kisha akavisugua vile vidole kimoja kimoja, kama anamnawisha, na alipofika kwenye cha nusu akatabasamu.

Tumezika. Lilikuwa shimo dogo. Mchimbaji alituuliza pembeni, kwa adabu, kama ni mtoto. Mama akamwambia ndiyo, ni mtoto.

Jioni alipokuwa anakunywa chai alisema "marehemu" mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeonja kujua kama imepoa. Kisha akaenda kulala na akalala mpaka asubuhi. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza akikoroma, nikaona kwamba ahadi yako umeitimiza.

Kama hamjapanda, msipande. Sampuli safi siihitaji tena.

Wifi yako


Kituoni, 15 Februari

Wifi,

Barua yako ilishuka na ndege ya jana. Tulikuwa tumeshapanda.

Nakuandikia nilichopima, nilichohisi kiache.

Jiwe lina kimo cha mlango na limesimama wima. Upande usiopigwa na upepo lina baka moja tu la likeni, rangi ya chungwa, kwenye kimo cha bega, pale mwanamume angeegemeza mkono apumzike. Baka lina kiganja, dole gumba na vidole vinne. Ni mkono wa kulia. Kidole cha pete kinaishia katikati.

Mkuu aliweka rula akapiga picha. Akasema mawe hufanya maumbo, kwamba aliwahi kuona moja lililofanana na mkaguzi wa mahesabu, mpaka kitambi. Mpishi hakucheka, na mpishi hucheka chochote. Kisha mkuu akatuhesabu. Tulikuwa watatu kwenye kamba moja, tunaonana. Alipomaliza akatuhesabu tena.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba likeni ya huku hukua unene wa unywele kwa mwaka, na kuna miaka haikui kabisa. Baka la ukubwa huu lilikuwepo kabla ya babu wa babu yetu. Kaka amepotea msimu wa juzi. Kwa hiyo si yeye. Nimeiandika sentensi hiyo ili niione.

Nimekwangua kipande kidogo pembeni, kwenye kifundo cha mkono, kwa glavu ambazo mkuu alizitoa kwenye pakiti. Mrija mmoja. Boksi hili linaondoka na ndege ya mwisho, sisi tunaondoka kwa meli. Niandikie kwenye bandari ya kwanza, watanishikia barua.

Kidoti


Nyumbani, 28 Februari

Kidoti,

Nimesoma mrija wako mara mbili kwa mashine mbili. Mara ya tatu nilimpa mwenzangu bila kumwambia umetoka wapi. Alirudi akaniuliza kwa nini nampa majaribio ya wanafunzi, mbona huu mkono tunao kwenye kabati.

Ni yeye.

Nilitafuta jasho, nilitafuta vumbi la glavu. Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninaposhindwa. Wale waliotoka kwenye glavu walikuwa wamedondokea juu ya likeni, wengi wamekufa, kama vumbi mezani. Hawa wako ndani, chini ya gamba, na wako hai. Wamegawana kazi na wazee wa baridi: hawa wanaleta, wale wanapokea, kila mmoja na chumba chake. Mtaa kama huo haujengwi kwa msimu mmoja wala kwa misimu mia. Wapangaji wa kiganja cha mume wangu wamekaa kwenye jiwe lile muda mrefu kuliko yeye alivyokaa duniani.

Mimi simo. Kwenye glavu nilikuwemo. Humu nimejitafuta, simo hata mmoja. Sikutegemea hilo liniume.

Picha ya mkuu nimeichapisha kwa ukubwa wake halisi. Glavu sina tena ya kulinganisha, na mama sitamwomba tufukue. Niliweka mkono wangu juu ya karatasi, hivyo tu.

Kuna jambo la pili na nataka jibu la kweli safari hii. Pembeni mwa wake, wachache, ndio kwanza wanaingia, kuna wengine. Ni wako. Glavu zilitoka kwenye pakiti. Uliligusa lile jiwe kwa mkono mtupu? Lini?

Ripoti sijaandika. Nimeketi mbele yake kila siku nikaishia kufuta meza.

Wifi yako


Bandari ya kwanza, 10 Machi

Wifi,

Jibu la kweli ni ndiyo, niligusa. Nilivua glavu nikaweka kiganja changu juu ya kile, kwa muda wa kuvuta pumzi mara chache, mkuu akiwa anakunja kamba na mpishi akiwa anatazama kando makusudi. Hakikuwa baridi. Nilitaka tu asiwe amekaa huko miaka yote hiyo bila mtu wa nyumbani kumshika mkono.

Lakini niligusa baada ya kukwangua. Mrija ulikuwa umeshafungwa na uko mfukoni mwa mkuu. Kwa hiyo jibu langu halikusaidii. Ile mara nyingine, nilipokaa chini yake, mpishi anaapa sikuvua glavu, nilikunja ngumi mpaka chini. Zaidi ya hapo sijui, na nimejaribu kujua.

Tulipokuwa tunafunga kituo, mkuu alinipa ruhusa nigeuze kibao cha kaka. Nimekigeuza. Kinasoma "ndani", na kimeachwa pale pale ukutani. Nilipotaka kuchukua changu niondoke nacho kama kumbukumbu, nilikikuta kinasoma "nje". Nilikuwa nimesimama ndani, mbele yake, na buti mkononi. Nilimuuliza mpishi kama ni mzaha wake. Alikitoa ubaoni akakitia mfukoni mwake, na mpaka leo hajanirudishia.

Melini mkuu anatuhesabu bado, kwa mazoea. Hesabu inatoka sawa.

Mikono yangu haisikii baridi tena. Nashika vyuma vya sitaha asubuhi, wenzangu wananishangaa. Nimenawa kwa sabuni, nimenawa kwa spiriti ya daktari wa meli. Sina kidonda wala doa, nimeangalia. Usiku mikono hulala imekunjika, nusu wazi, kama inashika kitu. Mpishi anasema ni uchovu, halafu anakaa kitanda cha pili mpaka nilale.

Nakuja nyumbani. Nataka chai, nataka mama anigombeze. Ukija kunipokea, nishike mkono kama zamani na usinitazame sana. Na tafadhali, wifi, nakuomba kama hujawahi kunikubalia kitu: usinipime.

Kidoti


Nyumbani, 18 Machi

Kidoti,

Naituma hii bandari ya mwisho, uisome kabla hujashuka.

Ripoti nimeiandika. Nimesema kwamba sampuli za msimu huu zilichafuliwa na glavu na hazifai kutumika, zote, pamoja na ule mrija wa mwisho. Mwenzangu aliisoma akanitazama, akatia saini. Mrija wenyewe uko kwenye friza, chini, nyuma ya vitu vya watu wengine. Kama kuna uwongo humo ni wangu peke yangu.

Mama amekutandikia kitanda cha dirishani. Ameondoa viatu vya kaka yako mlangoni, wiki hii, bila kuambiwa na mtu, akaweka ndara zako pale vilipokuwa. Amelala vizuri tangu tuzike na sitaki chochote kimwamshe. Kwa hiyo ukifika, mkumbatie kwanza yeye, kwa nguvu, na uzungumze mambo ya chakula.

Nitakuja bandarini peke yangu. Nitakushika mkono, wa kulia, mbele ya watu wote, na sitakutazama sana.

Sitakupima. Umeniomba, na nimekubali. Vijiti vya pamba vyote nimeviacha kazini, isipokuwa kimoja.

Wifi yako